Tiki zilizowekwa kabla usiku haujaisha

MUULIZE MAMA METRONI

SWALI: Shikamoo Mama Metroni. Mimi ni muuguzi, nina miaka 31. Huu ni mwezi wa tatu tangu nipewe usimamizi wa uuguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Mbezi. Tuna wazee 26, na tisa kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Wauguzi tuko wanne pamoja na mimi, wahudumu wako wanane. Usiku hubaki muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi.

Wiki iliyopita nilifika saa 9 usiku bila kumwambia mtu. Nikakuta karatasi za kuwekea tiki kila mzee anapogeuzwa, ili asipate vidonda vya kulala, zimeshajazwa mpaka saa 12 asubuhi, kalamu moja, mwandiko mmoja. Mhudumu alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nilipomfunua bibi mmoja nikakuta kidonda mwisho wa mgongo, juu ya makalio, kimeshachimbika. Hakikuandikwa kwenye ripoti yoyote. Mwenye nyumba anataka niwafukuze wote wawili iwe fundisho. Yule mhudumu ana umri wa mama yangu, na ndiye aliyenipokea nilipoanza kazi. Wenzake wameanza kuninunia. Nifanye nini?
Sista, Mbezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya mhudumu na kabla ya mwenye nyumba, kuna bibi. Kama bado hajaonwa na daktari, aonwe leo. Kidonda kilichochimbika si cha kufunika kwa bandeji na kusubiri. Chukua rula, pima urefu na upana, andika na tarehe. Andika kama kinanuka, kama kina nyama nyeusi, kama kinatoa usaha. Wiki ijayo pima tena vilevile, ndipo utajua kinajaa au kinazidi kula. Alazwe kwa ubavu, huku na huku, mgongo upumzike. Aongezewe yai, dagaa, maharage, maziwa, maana nyama ya mwili haijengwi kwa uji mtupu. Na leo hiihii mpigie mwanaye simu umweleze kidonda kiko wapi, kina ukubwa gani, na kwamba hamkukiona mapema. Usisubiri aje Jumapili afunue shuka mwenyewe.

Sasa tuje kwenye zile tiki. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga hesabu pembeni. Wazee tisa, kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa 2, kwa usiku wa saa 12. Hiyo ni mizunguko sita. Sita mara tisa, 54. Na mzee aliyelowa hageuzwi tu. Unavua pempasi, unamsafisha, unamkausha, unampaka krimu ya zinki, unanyoosha shuka isiwe na mikunjo, unapanga mito. Mkiwa wawili na mna mikono myepesi, hizo ni dakika 10. Zidisha: dakika 540, yaani saa 9. Watu wawili kwa pamoja, saa 9 kati ya 12, bila kunywa maji wala kukaa. Na hao wazee wengine 17? Nani anawapeleka chooni? Nani anapima sukari, nani anagawa dawa za usiku, nani anamrudisha kitandani yule babu anayeamka saa 8 za usiku akitafuta njia ya shambani? Maana kila nyumba ina babu wa namna hiyo.

Kazi uliyowapa haienei kwenye usiku mmoja. Tiki zile ni uongo, sitaki kuulainisha, na bibi ameulipia kwa mwili wake. Lakini ukiwafukuza hawa wawili ukaajiri wengine wawili, baada ya mwezi utaingia saa 9 usiku na kukuta tiki zilezile kwa kalamu nyingine.

Kwa hiyo panga upya. Si wote tisa wana hatari sawa. Pita kitanda kwa kitanda mchana, ukiwa na nafasi, uwapime kwa kipimo cha Braden. Sijui kama chuoni kwenu mlikifundishwa kwa vitendo au kwa mtihani tu. Kinaangalia mambo sita: mzee anahisi akibanwa au hahisi, analowa kiasi gani, anatembea au hatembei, anajisogeza au la, anakula nini, na anaburutika kwenye shuka au la. Jumla ni kati ya 6 na 23, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Kuanzia 18 kushuka, mzee huyo awe jichoni mwako. Tuseme watatu ndio wenye hali mbaya zaidi, akiwemo bibi. Hao wageuzwe kila saa 2. Sita waliobaki, kama godoro ni la povu zito lisilobonyea mpaka chini na ngozi yao ukiikagua ni nzima, wanaweza kugeuzwa kila baada ya saa 4. Utapata kugeuza mara 18 na mara 18, jumla 36, saa 6 za kazi. Hapo watu wawili wanaweza, ingawa kwa taabu. Ukiongeza mtu wa tatu wataweza bila kudanganya.

Na mkiwageuza, mgeuze kama inavyotakiwa. Mimi nilipoingia chuo mwaka 1984 tulikuta wakubwa wetu wanasugua migongo ya wagonjwa kwa spiriti kisha wanapaka poda, na tukafundishwa hivyo. Tulisugua kwa bidii kweli. Leo inajulikana kwamba sehemu iliyokwisha kuumia chini ya ngozi ukiisugua unaichana zaidi, na spiriti inaikausha ngozi mpaka inapasuka. Vivyo hivyo ile kata ya kitambaa, kama ya kubebea ndoo kichwani, wanayomkalisha mzee ili kidonda kining'inie katikati. Iondoe. Inabana damu pande zote, na kidonda kinakosa chakula. Na glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino, iondoe pia. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani, kiasi cha kupitisha karatasi kati ya kisigino na shuka. Ukimlaza kwa ubavu, usimsimamishe juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, mto nyuma ya mgongo, kiganja chako kipite chini ya makalio bila kubanwa.

Jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havikutusaidia nalo ni rangi. Vimeandika "tafuta wekundu." Kwenye ngozi ya bibi yako wa Mbezi wekundu huo hauonekani, na ukiuona umeshachelewa. Tumia mkono. Pitisha mgongo wa vidole vyako juu ya mfupa, kisha pembeni yake. Kama pana joto kuliko pembeni, kama pamekuwa pagumu au pamelegea kama embe lililoiva sana, kama pameiva weusi wa zambarau, kama mzee anakunja uso ukigusa, hapo ngozi imeanza kuumia na kidonda kiko njiani. Wafundishe wahudumu hili kwa kuwashika mikono yao na kuiweka pale. Na usisahau joto. Januari na Februari umeme ukikatika feni ikasimama, mzee aliyelala juu ya godoro lenye mfuko wa nailoni mgongo unalowa jasho kama aliyejikojolea. Shuka ya pamba juu ya nailoni, na ibadilishwe hata kama pempasi ni kavu.

Nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kitengo chako hakiongozwi kutoka mezani, na karatasi za tiki hazikiongozi pia. Kinaongozwa kwenye zile dakika 20 ambazo zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Mnakabidhianaje? Nina hakika ni kwenye dawati, muuguzi wa usiku anasoma kitabu huku mkoba uko begani, "wazee wote wameamka salama, hakuna tatizo," anakimbilia daladala. Maneno hayo, "wameamka salama," nimeyasikia kwa miaka 37, na nimewahi kuyasikia yakisomwa juu ya mtu aliyekuwa tayari amepooza upande mmoja.

Hamishia makabidhiano vitandani. Wanaoingia wafike saa 12 na dakika 40, na hizo dakika ziandikwe kuwa kazi, zilipwe. Zamu zote mbili zipite pamoja. Mzee anasalimiwa kwanza, kwa shikamoo na kwa jina lake. Pazia linavutwa, shuka inafunuliwa. Kwa wale tisa mnaangalia visigino, nyonga na mwisho wa mgongo, macho manne. Anayetoka anasema alichokiona, anayeingia anasema anachokiona, wote wawili wanaweka sahihi. Hapo hakuna anayeweza kuficha kidonda, kwa sababu ukikipokea kimya kinakuwa chako. Hutahitaji tena kuvizia saa 9 usiku, ingawa nakusihi uendelee kuja, na uje na chai.

Yanayosemwa pale yawe ya kumsaidia anayeingia. Sikiliza sentensi hii: "Babu wa kitanda cha nne amemeza dawa ya sukari saa 12 jioni, lakini ugali amekula vijiko viwili tu." Fupi, na inaweza kuokoa roho. Zile dawa za sukari kama glibenklamaidi kwa mzee hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka usiku wa manane. (Kama kuna mzee wako anayetumia hiyo, muulize daktari kama haiwezi kubadilishwa.) Asiyeambiwa atamkuta babu saa 10 alfajiri ana jasho, anaongea ovyo, na atasema ni uzee tu. Aliyeambiwa atachukua kipimo. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), na babu anaweza kumeza, anampa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anapima tena baada ya dakika 15, kisha anampa chakula. Kama hawezi kumeza, hamimini kitu mdomoni, anaita gari.

Sasa mama mhudumu. Mwenye nyumba anataka fundisho. Nikueleze fundisho nililolitoa mimi.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa wodi ya wanawake, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Muuguzi mmoja kijana alikuja mwenyewe kuniambia amempa mgonjwa wa kitanda cha sita dawa ya presha ya kitanda cha saba. Mgonjwa hakudhurika. Nilimwandikia onyo, na asubuhi nikalisoma mbele ya zamu zote mbili. Nilidhani nimeweka nidhamu. Miezi iliyofuata kitabu cha matukio kilikuwa cheupe, hakuna kosa, hakuna aliyeanguka, na mimi nilijisifia hilo kwa mkubwa wangu. Kisha siku moja nikawa namwogesha mama mmoja mzee mimi mwenyewe. Nikaona mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umelala kuelekea nje. Yeyote aliyefanya kazi hii anajua maana yake: shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Alikuwa ameanguka akienda chooni siku mbili kabla, usiku, wakamnyanyua, wakamlaza, wakafuta maji sakafuni. Siku mbili alilala na mfupa uliovunjika, akilia kila alipogeuzwa, na ripoti zikisema "ameamka salama." Nilipouliza, muuguzi mmoja alinijibu akilia: "Sista, tuliogopa kusomwa."

Tuliogopa kusomwa. Onyo lilikuwa halali kisheria. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kufuta maji sakafuni.

Basi mwite mama huyo peke yake, mchana, akiwa amelala akashiba usingizi. Mwamkie shikamoo kama ulivyomwamkia siku ya kwanza. Cheo chako hakipungui. Muulize, "Mama, usiku unakwendaje?" Halafu nyamaza. Atakueleza mambo ambayo hayako kwenye karatasi yoyote: kwamba anatoka Chanika, anapanda magari matatu kufika Mbezi, kwamba mchana analea wajukuu, kwamba mgongo wake mwenyewe unauma kwa kunyanyua wazee bila shuka ya kuburutia. Ukishasikia, mwambie wazi kwamba tiki ya kazi ambayo haikufanyika ni kosa na haitavumiliwa tena. Mpe onyo kwa maandishi kwa utaratibu wenu, baada ya kumsikiliza, na libaki kwenye faili. Kisha mwambie sheria mpya: kama mzunguko wa saa 8 usiku haukufanyika, andika "haukufanyika" na sababu. Atakayeandika hivyo hataadhibiwa kwa kuandika. Utahitaji kulithibitisha hilo mara ya kwanza litakapotokea, na watu wote watakuwa wanakutazama.

Muuguzi aliyekuwa naye zamu ni habari nyingine. Yeye ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhudumu hana. Ngozi ya wale wazee ilikuwa dhamana yake. Mhudumu ni mkono wake wa pili. Mazungumzo yake yawe mazito zaidi. Na wewe pia una sehemu yako, mwanangu. Miezi mitatu hukuwa umemfunua bibi yule. Liseme hilo mbele ya wote kwenye kikao, kabla hujasema lolote juu ya wengine. Ndipo kununiwa kutakapoanza kuisha.

Kuhusu mwenye nyumba, usiende kwake na machozi, nenda na karatasi. Nafasi moja ya muuguzi, saa 24, siku saba, ni saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya: watu 3.7. Weka na likizo ya siku 28 ya kila mmoja, wanafika wanne. Wanne wasiougua, wasiofiwa, wasiojifungua. Na mmoja wa wanne hao ni wewe, kwa hiyo siku unayoshika zamu, kitengo hakina msimamizi. Anahitaji muuguzi wa tano, na mhudumu wa pili wa usiku. Mkumbushe pia kwamba zamu ya saa 12 inataka makubaliano ya maandishi na mfanyakazi, na kwamba saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kama hailipwi, ana deni tayari. Halafu muoneshe gharama za kidonda cha bibi tangu siku ulipokigundua: bandeji, dawa, gari la hospitali, muda wa muuguzi kila siku. Aone kwa shilingi zake mwenyewe.

Asipokubali kabisa, andika barua, weka nakala. Na usipokee mzee mwingine asiyeweza kujigeuza mpaka mikono iongezeke. Kukataa kupokea ni sehemu ya kazi yako, ingawa hakuna atakayekupongeza.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu kwenye kituo cha wazee, Mbagala. Tuna babu mmoja aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Hataki kabisa kuogeshwa na sisi wasichana, anatupiga na kututukana. Msimamizi wetu anasema tumshike wawili, wa tatu amwogeshe. Mimi naona vibaya.
Mhudumu, Mbagala

JIBU: Marahaba. Unaona sawasawa, na jambo hilo likome leo. Fikiria mwenyewe: mzee wa pwani, maisha yake yote hajavuliwa msuli na mwanamke asiye mkewe, akili imeshaanza kumpotea, ghafla wasichana watatu wasiofahamika wanamshika mikono na kummwagia maji ya baridi kichwani. Yeye anajua amevamiwa. Anapigana kama ambavyo mimi na wewe tungepigana.

Muulizeni mwanaye au nduguye: babu alikuwa anaoga saa ngapi, kwa maji gani, kwa ndoo au kwa bomba? Wengi utaambiwa ni kabla ya swala ya alasiri au akirudi kazini jioni. Basi iwe saa hiyohiyo, hata kama ratiba yenu inasema kila mtu saa 12 asubuhi. Kuoga kila siku si lazima. Akikataa leo, futeni kwapa, uso na sehemu za siri kwa kitambaa cha uvuguvugu, jaribuni kesho. Mwekeni kwenye stuli, msuli ubaki kiunoni. Anzeni na miguu, mpeni kopo mkononi mwake ajimwagie. Mtashangaa mikono inakumbuka nini. Ndani ya msuli ajisafishe mwenyewe, wewe geuka ukutani. Kichwa mwisho.

Na msimamizi wako mwambie, kwa adabu, kwamba nimemsihi: kila zamu ya mchana iwe na mhudumu mmoja mwanaume. Akipanga rosta aanze na hilo, kabla ya kujaza majina mengine. Kama hana hata mmoja, atakayeajiriwa safari ijayo awe mwanaume.

SWALI: Mama Metroni, niko Mwanza kikazi, mama yangu yuko Dar na dada aliyekuwa anamtunza anaolewa. Tunafikiria kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Watu wananisema. Nitajuaje kama ni pazuri?
Kijana wa Tabata

JIBU: Watu wakikusema waambie waje wamgeuze usiku. Nenda pale saa 12 jioni, si saa 4 asubuhi wanapokutegemea. Uliza ni wangapi wanabaki usiku, na wakikujibu "wanatosha," uliza tena mpaka upate namba. Omba kuona leseni ya muuguzi wa zamu. Mwenye nayo haoni vibaya kuionesha. Angalia kama kuna glasi ya maji ambayo mzee anaifikia mwenyewe kutoka kitandani, maana wengi hukaushwa na kiu si kwa kukosa maji bali kwa maji kuwekwa mbali. Tembea mpaka chooni: taa inawaka, ukutani kuna nondo ya kushikia, sakafu kavu? Uliza mara ya mwisho mzee kuanguka ilikuwa lini. Wakisema hapa hajawahi kuanguka mtu, endelea kutafuta nyumba nyingine.

Ukishampeleka, mpigie simu yeye mwenyewe kila siku saa ileile, hata kwa dakika mbili, na dada kabla ya kwenda kwa mumewe alale naye pale usiku wa kwanza kama watamruhusu. Umpelekee na kanga zake mwenyewe, jina limeshonwa pembeni kwa uzi, zisije zikapotea kwenye kufua akaamka asubuhi amevikwa kanga asiyoijua.